Deilili Nyekundu na Jina Lake

Nasema nanyi mliotoka Bukavu, Bujumbura, Kigoma, Mombasa na Unguja mkaja kuweka makazi katika jimbo hili la Ohio.

Yeyote aliyesafiri nje ya mji mwezi wa Julai ameyaona maua yenye rangi ya chungwa lililoiva yakichanua kando ya mitaro, nyuma ya mabanda ya zamani, hata kwenye kingo za makaburi. Hakuna anayeyamwagilia. Ua moja hufunguka alfajiri, hunyauka jioni, na kesho yake jingine hupokea zamu kwenye bua lilelile. Wanasayansi huuita mmea huo Hemerocallis fulva. Watu wa hapa huuita deilili, nami nitalitumia jina hilo. Lakini sikuja kuwazungumzia hiyo ya mitaroni. Nimekuja kuwazungumzia ndugu yake mwekundu, ambaye hamtamkuta mtaroni hata mkisafiri kiangazi kizima.

Hoja yangu ni moja. Deilili nyekundu imetengenezwa na watu, tena kwa miaka mingi ya subira, na haiwezi kuendelea kuwepo bila watu wanaoigawa mkono kwa mkono pamoja na jina lake. Mengi ya yale mtakayotaka kujua kuhusu kuipanda, yaani mahali pa kuiweka, sababu ya rangi yake kutoka madoa baada ya mvua, sababu ya mbegu zake kutozaa ua lilelile, yanatokana na namna ilivyotengenezwa. Kwa hiyo mnivumilie nianze na historia, kisha tushike jembe.

Asili ya deilili ni Asia ya Mashariki: China, Korea na Japani. Wachina wameipanda kwa karne nyingi, na wala si kwa kuitazama tu. Vichomozo vya maua vya aina za njano huchumwa kabla havijafunguka, vikakaushwa, vikauzwa sokoni kwa jina la sindano za dhahabu na kutiwa kwenye supu. Kufikia karne ya 16 mmea ulikuwa umefika Ulaya, na walowezi wakauvusha bahari hadi Amerika. Ile ya mitaroni ni ukoo wa hao wahamiaji wa kwanza.

Sasa hapa pana jambo la kushangaza. Deilili ya mitaroni karibu haizai mbegu kabisa. Seli za deilili nyingi za porini zina kromosomu 22, yaani seti mbili za kumi na moja moja. Hii ina 33, seti tatu, na seti tatu hazigawanyiki sawasawa mmea unapojaribu kutengeneza mbegu. Watu wa Bukoba, wa Kivu na wa Burundi mliomo humu mnaijua hali hiyo tangu utotoni. Ndizi zetu za kupika za nyanda za juu nazo zina seti tatu za kromosomu, nazo jumla yake ni 33, na ndiyo maana tunazila bila kutema mbegu. Mgomba hauenei kwa mbegu. Mtu hung'oa chipukizi, akalibeba begani, akampelekea mkwewe ng'ambo ya kilima, na jina la mgomba likasafiri naye. Deilili ya mitaroni imeenea mabara matatu kwa njia hiyohiyo. Ile mnayoiona njiani hapa Ohio ni mmea mmoja tu, uliogawanywa kwa mamia ya miaka.

Mtu aliyelishika jambo hilo la kukosa mbegu na kutoliachia alizaliwa katika jimbo hilihili. Arlow Burdette Stout alizaliwa mwaka 1876 katika kijiji cha Jackson Center, akalelewa Albion, jimboni Wisconsin. Mama yake alikuwa na deilili bustanini, na kijana akaona kwamba maua yote yale hayaachi mbegu. Wengi wetu tungeona jambo hilo na kupita. Yeye alilibeba hadi utu uzima. Mwaka 1911 aliingia kazini katika Bustani ya Mimea ya New York, mtaa wa Bronx, na akafanya kazi humo mpaka mwisho wa miaka ya 1940. Alichunguza kwa nini mimea fulani hukataa chavua yake yenyewe, na katika uchunguzi huo akawa mzalishaji mkubwa wa deilili.

Alipoanza, wigo wa rangi ulikuwa finyu: njano, chungwa, na ule wekundu wa shaba uliochafuka wa fulva. Nyekundu safi haikuwepo. Hakuna mtu aliyekwenda milimani China akaikuta ikimngoja. Kulikuwa na dokezo tu, kivuli cha rangi kilichomwagwa juu ya chungwa, na Stout aliona kwamba kivuli hicho kinaweza kukusanywa kizazi baada ya kizazi. Aliandikiana na Albert Steward, mwalimu wa botania aliyekuwa Nanking, ambaye katika miaka ya 1920 alimpelekea mimea kutoka China, ikiwemo fulva yenye maua ya waridi. Hiyo ikawa mlango wa rangi za waridi na nyekundu nyingi zilizofuata. Mwaka 1929 Stout alitoa Mikado, ua la chungwa lenye doa la wekundu wa kahawia katikati. Mwaka 1934 akatoa Theron, inayohesabiwa kuwa deilili nyekundu ya kwanza.

Fikirini maana yake. Mche wa deilili uliooteshwa kwa mbegu huchukua miaka miwili au mitatu kuchanua mara ya kwanza. Ukitaka kuchanganya wajukuu na binamu, ukatupa mamia ya miche isiyofaa na kubakiza michache, umekwisha kutumia sehemu kubwa ya umri wako. Kazi ya Stout ya kufikia Theron ilimchukua zaidi ya miaka ishirini. Ukiitazama Theron leo kando ya maua mapya utaiona nyembamba, yenye wekundu mzito unaoelekea kwenye mti wa mkangazi, na wauzaji wengi hawaiweki tena. Mimi naiheshimu kuliko nyingi zenye bei kubwa, kwa sababu kila deilili nyekundu iliyomo katika bustani zenu inadaiwa na kazi ile.

Hatua ya pili ilitoka kwenye maabara. Katika miaka ya 1930 iligunduliwa kwamba kolkisini, sumu inayotokana na mmea wa Ulaya uitwao Colchicum, huzuia seli kugawanyika ilhali kromosomu zimekwisha kujirudufu. Seli inabaki na seti nne badala ya mbili. Deilili iliyotibiwa hivyo huwa na kromosomu 44, petali nene zaidi, mabua yenye nguvu na mara nyingi rangi iliyokolea. Orville Fay na Robert Griesbach walifanya kazi hiyo katika eneo la Chicago, na mwaka 1961 deilili zao za seti nne ziliwashangaza wapenzi wa maua waliokusanyika huko. Ni katika eneo hilohilo James Marsh alizalisha aina ninayotaka kuwapendekezea leo. Inaitwa Chicago Apache, na ilisajiliwa mwaka 1981.

Nimeichagua kwa sababu tatu. Imezaliwa kwenye baridi inayofanana na yetu au kali kuliko yetu, kwa hiyo majira ya theluji hayaisumbui: majani hufa yote, mmea hulala ardhini, na mwezi wa Machi au Aprili huchomoza upya. Wekundu wake ni mmoja tangu ukingo hadi karibu na koo la ua, bila mchanganyiko, na hustahimili jua vizuri kuliko nyekundu nyingi. Halafu bei yake ni ya mtu wa kawaida. Aina mpya zilizotolewa mwaka huu hufikia dola mia moja na zaidi kwa mmea mmoja, lakini aina iliyokwisha kugawanywa na watu kwa zaidi ya miaka arobaini hupatikana kwa bei ya mlo wa mtu mmoja mgahawani. Bua lake hufikia karibu sentimita 70 na ua hufikia upana wa sentimita 12 au 13. Mwenye kipande kidogo sana cha ardhi, au mwenye kibaraza na vyungu tu, amtafute Pardon Me wa Darrel Apps, wa mwaka 1982: mfupi wa sentimita 45 hivi, maua madogo mekundu yenye koo la njano mbichi, na hurudia kuchanua.

Tuingie kwenye rangi yenyewe, kwani hapa ndipo watu wengi hupoteza ua zuri. Njano na chungwa za deilili hukaa katika chembechembe ndani ya seli, na haziyeyuki kwenye maji. Wekundu ni kitu kingine. Hutokana na rangi za jamii ya anthosiani, ambazo huyeyuka kwenye maji na hukaa katika utomvu wa seli za ngozi ya petali. Ndiyo maana deilili ya njano ikinyeshewa na kuchomwa jua inabaki njano, lakini nyekundu ikibeba matone ya mvua kisha jua kali likaja, huweza kutoka na madoa meupe na sehemu zenye utelezi kana kwamba petali imepikwa. Tena rangi nyeusi hunyonya joto, kwa hiyo petali nyekundu hupata moto kuliko ile ya njano iliyo hatua moja kutoka kwake. Na kwa sababu wekundu umelala juu ya tabaka la njano au chungwa, ukififia kidogo tu ua zima hugeuka rangi ya tofali.

Kwa hiyo swali la kwanza la bustani ni mahali. Deilili inataka jua, na pungufu ya saa sita kwa siku mabua yatakuwa machache na yatainama kulitafuta. Lakini nyekundu mpeni jua la asubuhi mpaka saa nane au saa tisa mchana, kisha kivuli chepesi. Upande wa mashariki wa nyumba unafaa sana. Upande wa magharibi kwenye ukuta wa matofali haufai: ukuta hunyonya joto mchana kutwa na kulirudisha juu ya petali, na tena ua jekundu mbele ya tofali jekundu halionekani. Wekundu hupotea kwa mbali, hasa jua likielekea kuzama. Ua la njano litakuita kutoka barabarani, jekundu linataka ulipite karibu. Mpande pembeni mwa njia ya kuingilia mlangoni, au chini ya dirisha la jikoni, ambako mwenye nyumba atamwona kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Ua linaloishi siku moja haliwezi kumngoja mtu hadi wikendi.

Udongo wa sehemu kubwa ya Ohio ni wa mfinyanzi. Una rutuba, ila hushika maji wakati wa baridi na kupasuka wakati wa ukame. Changanyeni mboji ya kutosha katika sentimita 30 za juu, na kama maji hutuama, inueni kitalu kidogo juu ya usawa wa ardhi. Msiongeze mchanga mchache mkidhani mnalainisha, kwani mfinyanzi na mchanga kidogo hushikana vikawa kama saruji. Deilili hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH kati ya 6 na 7. Ofisi za ugani za Chuo Kikuu cha Ohio State ziko katika kaunti na hutoa mwongozo wa kupimisha udongo. Nawasihi mpimishe kabla ya kununua mbolea. Watu wengi humwaga mbolea ya nyasi yenye naitrojeni nyingi, wakapata majani marefu ya kupendeza na maua mawili.

Wakati wa kupanda ni mara mbili kwa mwaka: majira ya kuchipua, baada ya ardhi kuacha kuganda, na mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba. Hayo ya pili mimi huyapendelea, kwa kuwa udongo una joto na mmea unapata angalau wiki sita za kushika mizizi kabla ya ardhi kuganda. Mkipokea mmea kwa posta utakuja bila udongo, majani yamekatwa mafupi, mizizi minene yenye vinundu kama viazi vidogo vyembamba. Msishtuke, hauna ugonjwa. Loweka mizizi saa moja au mbili. Chimba shimo pana kuliko mizizi, tengeneza kichuguu cha udongo katikati, ukalishe mmea juu yake na kuitandaza mizizi pande zote. Shingo ya mmea, pale majani meupe yanapokutana na mizizi, iwe sentimita mbili na nusu tu chini ya uso wa udongo. Hapo pasikosewe. Ukizamisha sana mmea hukaa miaka bila kuchanua au huoza. Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mmea na mmea, mwagilia mpaka udongo ukae, kisha tandaza matandazo ya maganda ya mti au majani yaliyooza, bila kuyarundika juu ya shingo.

Mwaka wa kwanza tegemeeni bua moja au mawili tu. Mwaka wa tatu ndio mnaona kitu. Shina lililokomaa hutoa mabua kadhaa, kila bua likiwa na vichomozo kumi na zaidi, na maua huendelea kwa wiki tatu hadi tano. Katika wiki hizo maji ni muhimu kuliko mbolea: sentimita mbili na nusu kwa wiki, za mvua au za mpira, na yakifika chini. Mwagilieni udongo. Msirushe maji juu ya maua wakati wa jua, kwa sababu niliyokwisha kueleza.

Kila jioni, au kila asubuhi, vunjeni ua lililokufa kwenye kishikizo chake. Kwa deilili ya njano mtu anaweza kuwa mvivu. Ua jekundu likinyauka huwa kama kitambaa chenye maji ya zambarau, hunata kwenye kichomozo cha kesho na kukizuia kufunguka, na hutia madoa petali za jirani. Kazi hii nawapa watoto. Inawafundisha kuangalia, na mtoto aliyevunja maua makavu kila siku kwa mwezi mmoja atakuambia mwenyewe ni bua lipi limechelewa na jani lipi lina wadudu.

Wadudu wenyewe si wengi. Thripsi, wale wadudu wembamba kama uzi uliokatwa, hujificha ndani ya kichomozo na kukwaruza petali, na juu ya nyekundu mikwaruzo yao huonekana kama michirizi iliyopauka ambayo kwenye njano usingeiona. Chumeni vichomozo vilivyopinda, mkaviweke kwenye mfuko na kuutupa. Vidukari huondoka kwa maji ya nguvu. Adui mkubwa wa jimbo hili ni kulungu, ambaye huingia usiku na kula vichomozo vyote vya bua kana kwamba ameandaliwa saladi. Dawa za kumfukuza kwa harufu husaidia mpaka mvua inyeshe. Kuupanda mmea karibu na mlango na mbwa husaidia zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kumweka mwekundu karibu na nyumba.

Ugonjwa wa kuujua ni kutu ya deilili, Puccinia hemerocallidis, ulioonekana Marekani mara ya kwanza mwaka 2000. Pitisha karatasi nyeupe laini chini ya jani: ikitoka na unga wa chungwa, ndio wenyewe. Hauui mmea mara moja, ila huudhoofisha na kuuchafua. Kuvu huyu anahitaji jani hai la kukaa, na hapa kwetu baridi huua majani yote ya aina zinazolala, naye akafa pamoja nayo. Hatari iko kwenye mimea inayonunuliwa kila mwaka kutoka majimbo ya kusini. Mmea mgeni ukatwe majani, usafishwe, utengwe na wenzake majuma kadhaa.

Wenye paka wanisikilize kwa makini. Deilili ni sumu kwa paka. Sehemu zote za mmea, hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya, zinaweza kuharibu figo zake ndani ya siku chache, na akichelewa kufikishwa kwa daktari wa mifugo hufa. Kama paka wenu hutoka nje, au kama mnakata maua ya kuweka mezani, pandeni kitu kingine. Na kwa wale mliosikia nikitaja supu ya Wachina: wao hula aina wanazozijua, zilizokaushwa na kupikwa. Msichume nyekundu ya bustani mkaila.

Nirudi sasa kwenye jina, ambalo ndilo nililoliahidi.

Baada ya miaka mitatu hadi mitano shina linajaa, machipukizi yanabanana, na maua yanapungua. Hapo mnagawa. Mwisho wa Agosti, chimbueni kwa uma wa bustani kutoka pembeni, mlinyanyue shina zima, mlioshe kwa mpira mpaka mizizi ionekane, kisha mlitenganishe kwa mikono. Pale panapokataa tumieni kisu kisafi. Kila mgawo uwe na machipukizi mawili au matatu na mizizi yake. Kateni majani yabaki sentimita 15 hadi 20. Mmoja mnaurudisha, mingine mnawapa watu. Kila mgawo ni Chicago Apache yuleyule aliyechanua kwa Marsh mara ya kwanza, bila tofauti.

Mbegu haifanyi hivyo. Mkichukua chavua asubuhi na kuipaka kwenye ua jingine, kisha kibweta kikakomaa baada ya kama siku hamsini na kupasuka, mtapata mbegu nyeusi zinazong'aa. Ni kazi tamu nami siwakatazi. Ziwekeni kwenye friji na unyevu kidogo kwa wiki nne au sita, zioteshwe, na baada ya miaka miwili au mitatu mtaona mlichozaa. Kumbukeni tu kwamba aina ya seti nne haizai na aina ya seti mbili, kwa hiyo Chicago Apache na Pardon Me hawaoani. Na watoto watakaopatikana watakuwa wa kila rangi: chungwa, matofali, labda mmoja mwekundu. Hata huyo mwekundu si Chicago Apache, na si haki kumpa mtu huku ukimwambia kwamba ndiye.

Orodha rasmi ya majina hutunzwa na chama cha wapenzi wa deilili wa Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1946 kule Iowa, ambacho tangu 1955 ndicho msajili wa dunia nzima. Majina yaliyosajiliwa yamepita 80,000. Katika wingi huo, mmea uliopoteza kibao haurudi kujulikana. Nyekundu zinafanana mno, na hata mtaalamu mwenye picha mkononi hawezi kuapa kwamba hii ni ile. Ukiuliza kwa nini jambo hilo linaniuma, fikiria miaka ishirini na zaidi ya Stout, fikiria Marsh akichagua mche mmoja kati ya mamia. Mmea usio na jina umekatwa kutoka kwa watu hao. Bado utachanua, lakini hakuna atakayeweza kuusimulia, kuulinganisha, wala kuutafuta tena ukifa. Kibao cha plastiki hufutika na kuvunjika kwa misimu miwili. Tumieni kibao cha alumini na mwandike kwa kukandamiza. Chini ya udongo zikeni kingine. Chora ramani ya bustani kwenye daftari. Na kama aina ni mpya na ina hataza ya mmea, ambayo hapa hudumu miaka 20, sheria hairuhusu kuigawa na kuisambaza kabla haijaisha. Ulizeni muuzaji. Chicago Apache haina kizuizi hicho leo.

Najua swali linalokuja, kwa sababu huulizwa kila mara: tunaweza kuwapelekea ndugu nyumbani? Jibu langu lina sehemu mbili. Aina hii haifai. Imezalishwa ilale kwenye baridi kali, na mahali pasipo na majira ya kulala hudhoofika mwaka hadi mwaka. Lushoto, Njombe, Limuru au Bukavu panafaa zaidi nyekundu za kijani-daima, yaani zisizopoteza majani, zilizozalishwa kwenye majimbo ya joto kama Florida. Sehemu ya pili ni sheria. Mizizi haitiwi kwenye sanduku la safari. Mmea huhitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na mamlaka zinazohusika ni TPHPA kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya. Kutu niliyoieleza ingependa sana nchi ambayo majani hayafi kamwe. Mwenye ndugu anayetaka deilili Arusha au Nairobi amwambie aulize kwanza kwenye vitalu vya huko.

Kwa sisi tuliopo hapa, mwenye shina lililojaa nyuma ya nyumba asisubiri mwakani. Wiki ya mwisho ya Agosti lichimbueni, mgawe sehemu tatu, moja irudi ardhini na mbili ziende kwa jirani na kwa mgeni aliyefika mwaka huu. Kabla mgawo haujatoka mikononi mwenu, ufungeni kibao chenye maneno matatu: jina la aina, mzalishaji, mwaka. Chicago Apache, Marsh, 1981.